Wati Thelathini za Priscah

Jumatano, saa nne asubuhi, fundi Suhail alifungua kompyuta ya Cephas pale Rodi Kopany. Duka la Cephas lilikuwa linachapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha ya marehemu. Cephas alikuwa ameongeza diski ya pili na kadi ya picha, ili marehemu watoke vizuri. Sasa alitaka kujua kama pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, inatosha.

Suhail alisoma kibandiko: wati mia mbili. Akajumlisha wati za vyombo vyote, akiandika nyuma ya bahasha: mia mbili thelathini. Na kompyuta ilikuwa inafanya kazi.

Basi akatoa mita. Akapima ukuta, akapima nyaya, halafu akampima Priscah, mama anayepiga chapa pale dukani. Mkono wake ulisoma thelathini.

"Ni wewe, dada."

"Najua. Tangu mwezi wa tatu. Nikifika mlangoni, kompyuta inazimika."

Tangu huo mwezi alikuwa analala chini ya meza. Siku hiyo alikuwa anachapa programu ya mama yake mzazi, atakayezikwa Jumamosi huko Muhuru Bay. Mstari mmoja ulisema: "Saa tano: neno kutoka kwa binti, Priscah."

"Mzee, agiza pawasaplai kubwa Kisumu," Suhail alisema. "Dada aende azike."

"Ya nini, na hii inatosha?"

"Hata jenereta hupumzishwa."

"Jenereta hunywa dizeli. Huyu ni chai tu."

Wateja waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka kidogo. Priscah pia.

Ijumaa alasiri alifunga kitambaa kichwani, akachukua mfuko wake. Alipokaribia mlango, kioo cha kompyuta kilianza kufifia. Familia sita zilikuwa zimekaa na picha za watu wao magotini.

"Mama, vumilia," mzee mmoja alimwambia kwa upole. "Maliza wetu kwanza. Wako atakuelewa, ni mama yako."

Priscah aliweka mfuko chini, akarudi kwenye kiti.

Jumamosi saa tano, huko Muhuru Bay, msimamizi alisoma jina lake kwenye programu. Watu waligeuka kuangalia njia. Msimamizi alingoja kidogo, akaita kwaya.

Jumatatu Cephas alimwita Suhail tena. Alitaka kuongeza kifaa cha kusoma sidii, kinachokula wati kumi. Suhail alimpima Priscah mkono. Ulisoma arobaini.

"Imepanda," Cephas alisema.

"Imepanda," fundi alisema, akachukua bisibisi.