Ukurasa wa Sita

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa na sharti moja: mpango wa insha upitishwe Ijumaa kabla ya saa moja, la sivyo insha huandiki, na bila insha mtihani usahau. Mama mkwe alikubali kunishikia mtoto muhula huu tu. Mimi sikuwa na muhula mwingine.

Wiki nzima nikawa napanga. Mchana napiga pasi mashuka kwa dobi, kichwani nazungusha hadithi tuliyopewa kuichambua: mke anamngoja mumewe aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Kila jioni anafunika sahani ya pili. Viatu vya mume anavipaka rangi. Mwishoni anasikia hatua mlangoni, anasimama. Basi. Nilipomsomea mama mkwe, aliacha kuchambua mboga. "Si unaona? Amerudi." Mwanawe, baba wa mtoto wangu, ana miezi minane hajapiga simu.

Hoja yangu kuu ikawa kwamba subira ya yule mke haikuwa bure. Aya ya kwanza sahani, ya pili viatu, ya tatu hatua mlangoni. Niliusoma mpango wangu mpaka nikajipenda.

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo, mwalimu aliusoma akavua miwani. "Ukurasa wa sita umeusoma?"

"Nakala yangu ina kurasa tano, mwalimu."

Alichukua nakala yake, akanigeuzia nyuma ya karatasi ya mwisho. Aliyenitolea nakala hakugeuza.

Nilisoma nimesimama. Mlangoni alikuwa mtu mwingine kabisa, ametumwa na mume kuchukua nguo zake zilizobaki. Mke anazikunja vizuri, viatu anaviweka juu.

"Una dakika arobaini," mwalimu alisema, wala si kwa ukali.

Kinyozi, ambaye tunakaa naye dawati moja, alichungulia. "Pole, dada. Mimi nimeandika jamaa kapotea njia. Kumbe njia anaijua, hataki tu kuipita."

"Hebu niache nifikirie."

"Nimekuacha. Ila usinililie kwenye karatasi, huna nyingine."

Sikuwa nalia. Nilikuwa natazama aya zangu tatu. Nilitaka kuzifuta zote, nikakuta hakuna cha kufuta. Sahani ni ileile, viatu ni vilevile. Kilichokufa ni mstari wa juu tu, ule wa hoja kuu. Nikaukata, nikaandika kwamba mwandishi anaonyesha jinsi mtu anavyoweza kujifichia ukweli kwa kazi za mikono yake mwenyewe. Kisha nikatafuta mahali ambapo mume aliahidi kurudi. Nilipekua mara mbili. Hapakuwapo. Bila kutaka nikaanza kupekua na kwangu: asubuhi aliyoondoka, begi begani, alisema "haya, tutaonana," kama unavyomwambia muuza duka. Kalamu ilikuwa nzito. Nikaendelea kuandika hivyohivyo.

Mwalimu alitia sahihi saa moja kasoro dakika tatu. "Huu sasa una meno," alisema. Nilifurahi kidogo, kama mtu anayekula akiwa na homa.

Nyumbani redio ilikuwa wazi, mtoto amelala kifuani mwa bibi yake.

"Umepita?"

"Nimepita, mama."

"Nilijua. Na yule mume, alimletea nini mkewe?"

Nilikaa sakafuni, karibu na miguu yake. Ningeweza kusema kitenge. Ningeweza kusema chochote, hakusoma yeye.

"Hakuwa yeye mlangoni, mama. Alituma mtu aje achukue nguo zake."

Mkono wake uliendelea kupanda na kushuka mgongoni mwa mtoto. Kisha mkono ukatulia.

"Mchukue, ananilemea."

Nilimchukua. Mama mkwe aliilaza mikono yake mapajani, akaitazama.

"Huo mtihani ni lini?"

"Tarehe tisa."

"Utakwenda," alisema, akainuka taratibu kwenda kuzima redio.