Haijaharibika, Imenyamaza Tu

…wala sisubiri kitu, namjibu, napumua tu, lakini uongo mtupu huo, nasubiri, nasubiri mpaka vidole vya miguu vimejikunja ndani ya ndala, unasubiri nini, Mama, ndivyo alivyouliza binti yangu, kwa ile sauti yake ya kufunga milango, na mimi kidole kiko juu ya kioo, hakijagusa, mkono wa kushoto bado umevikwa kile kitambaa cha presha, kimenibana kimenibana kama jirani mwenye umbea wa moto, kisha kimeachia, namba zimetokea, si mbaya hata kidogo, na sasa kimebaki kitu kimoja, kubonyeza palipoandikwa Tuma, kwenye ile simu pana ya kliniki ambayo mimi naiita sinia, hapa hapa juu ya meza yangu ya jikoni, iende kwa muuguzi, basi… Usimsaidie, binti yangu anamwambia mwanawe, simsaidii, nimekalia mikono, tazama, anajibu Chiriku, na kweli kaikalia, mjukuu wangu huyu tulimpa jina la Chiriku tangu aanze kusema kwa sababu tangu siku hiyo hajapumzika, na leo kajifunga mdomo hadi namwonea huruma, maana makubaliano ndiyo hayo, nikipima mwenyewe na kutuma mwenyewe bila kuguswa nabaki nyumbani kwangu na jambo hili halisemwi tena, nikishindwa nafungasha leo leo, chumba kwa binti yangu kiko tayari, kimepakwa rangi, nimeelezwa hadi mapazia, kama msichana anayesifiwa mchumba asiyemtaka… na mtu mwenye akili angeomba mashine iende vizuri, sasa mimi naomba ikwame. Naiomba kwa moyo wote. Ikienda vizuri nitakuwa nimefanya nini, hata paka angekanyaga pale ikaenda, lakini ikikwama, hapo ndipo wataona kama bibi anajua au hajui, na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia huyu aliyenikazia macho, ikikwama atazungumza mmoja wa watu wangu, sijui nani, na ndiyo raha yenyewe, ni kama kusikia mlango unagongwa hujui ni mgeni yupi… maana zamani haikuwa hivi, zamani, yaani mara ile ya kwanza, ilikwama ikaandika kwa wekundu KOSA LA MAUTI, na chini yake MTUMIAJI SI HALALI, na mimi herufi nazijua, marehemu mume wangu alinifundisha kwa zile zilizoandikwa kwenye vioo vya redio, alikuwa fundi redio, kwa hiyo nikasoma polepole, moja moja, na kila herufi ikaniongezea presha yake, mauti, jamani, kwenye mashine ya wagonjwa, tena si halali, tangu lini, mimi niliyeolewa mchana kweupe watu wakiona, nikaizima, nikaifunga kwenye shuka, nikaisukuma kabatini chini ya mablanketi na kugeuza ufunguo, kama ni mauti basi yaanze na kabati… Chiriku aliposikia alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu kicheko kikamgeukia, akafuta macho, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, kuyatia Kiswahili maneno ya programu za watu, na haya ya mauti aliyaandika mtu aliyemtangulia, neno kwa neno, kamusi pajani, Bibi, akaniambia, ilitaka kusema imesimama tu, imesimama na haiwezi kuendelea, hakuna kingine, lakini wakati huo yalikuwa yameshatokea, sinia ikiwa kabatini muuguzi haoni kitu, hajui kitu, na mimi nikaanguka pale, palee karibu na sinki, na aliyenikuta ni binti yangu… sitaki kuingia huko, nataka hii ya sasa, nataka ile meza ilivyokuwa mimi na Chiriku tulipoanza kuyaandika upya maneno ya sinia, yeye na kompyuta yake, mimi na bakuli la maharage nachambua, Bibi, nani aliwahi kukupa habari mbaya na usiogope, swali gani hilo, nikamwambia, lakini mkono ukasimama kwenye maharage na mkunga akaingia, namsikia mpaka leo, amefunga kilemba kama mtu anayekwenda kupigana, mtoto amekaa vibaya, kosa si lako, sasa lalia ubavu wa kushoto, hivyo tu, wala hakuinua sauti, na mtoto huyo aliyekaa vibaya ndiye huyu anayenitazama kidole, na Chiriku akapiga meza maharage yakaruka, ndivyo hivyo hivyo tulivyofundishwa, Bibi, kimetokea nini, kosa la nani, afanye nini sasa, akaandika, ikawa ile taarifa ya kitambaa kikilegea… halafu akaja mpakizi wa mizigo wa stendi, bwana mmoja mfupi, wewe unalia gunia lako limeachwa na basi, yeye anatafuna kijiti, lipo, halijapotea, linakuja nyuma yako, ikawa ile ya mtandao ukikatika, kipimo chako kipo, hakijapotea, kitakwenda mtandao ukirudi… na mengi Chiriku aliyakata, nisimsingizie, nilitaka kila moja ianze na pole mama, kaa kwanza unywe maji, akasema Bibi, kisanduku ni kidogo, halafu wanaume nao wana presha, hao tuwaite mama wa nani, nikabisha, akashinda, na ya mama mkwe wangu hatukuchukua hata moja, ingawa Chiriku alisema zile za zamani zote zilikuwa na sauti yake… na mwisho akauliza, ile ya mauti je, ikisimama kabisa, tuseme nini, nikafumba macho mpaka akadhani nimesinzia, kumbe nilikuwa kibandani kwa mume wangu, ile harufu ya waya unaoungua, watu wanaleta redio wamezikumbatia kifuani kama vitoto vyenye homa, fundi, imekufa, imekufa ghafla, na yeye kabla hajashika bisibisi anaipokea, anaigeuza, anaigonga mgongoni kwa vidole viwili, haijaharibika, anasema, imenyamaza tu, alisema hivyo kwa zote, hata zile ambazo aliona kabisa zimeungua, kwanza alisema hivyo, mtu akakaa, ndipo akazifungua… Mama, binti yangu anasema, na mimi nabonyeza. Mwenyewe. Tuma. Kiduara kinatokea, kinazunguka, zunguka tu baba, nakwambia kimoyomoyo, zunguka ukachoke, Chiriku kanikodolea macho anajua, mjanja huyu, anajua ninachoomba, anauma mdomo asicheke, na kiduara kinapunguza mwendo, kinajivuta, kinajivuta… kimesimama. Kioo kimekuwa cheupe. Moyo wangu, mkunga, mpakizi, nani, nani mlangoni, na maandishi yanakuja, meusi, si mekundu, makubwa kama tulivyoyaomba, natafuta miwani kumbe ninayo usoni, ona, binti yangu anasema, nilijua, si nilisema, imekwama, na anainama asome, hawezi kujizuia huyu, tangu utoto akiona maandishi lazima ayatoe kwa sauti, mabango, makopo ya rangi, na sasa anasoma, haraka haraka, kwa ile sauti ya kufunga milango, haijaharibika, imenyamaza tu… na amesimama. Hamalizi. Iliyobaki ni rahisi, kipimo chako kipo, bonyeza Jaribu tena, lakini hamalizi, mdomo uko wazi kidogo, na sauti iliyosema yale maneno si ya milango hata kidogo, imeteremka, imekwenda kukaa kule chini ilikokaa ya baba yake, na mimi niliyekuwa nangoja kumsikia mume wangu nilidhani atatoka kwenye kioo, kumbe atatoka kwa huyu, aliyekulia kwenye kibanda kile, aliyefanyia hesabu za shule katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo… Haya nani kaandika, anauliza, Chiriku kaitazama meza, na vidole vya binti yangu vimeshika ukingo wa meza, vimekuwa vyeupe kwenye viungo, na vidole hivyo nimeviona, siku ile, kutoka chini, vilishika ukingo wa sinki hivyo hivyo huku akinifokea, kwa nini hukupiga simu, kwa nini unanifanyia hivi, sikuachi tena humu peke yako, unasikia, sikuachi, na mimi shavu liko sakafuni nilisikia ghadhabu, nimeibeba ghadhabu hiyo tangu siku ile, nimeijibu kila siku, siondoki, nyumba yangu, siondoki, na yeye amepaka chumba rangi, na mimi nimeona gereza… nimechambua na Chiriku kila kilio cha mashine, hapa hapa, siku baada ya siku, hiki kinataka kusema nini, mtu asiogope, tumwambieje, na huyu wa tumboni mwangu alikuwa anaandika kwa wekundu na mimi nikaisoma neno kwa neno, kamusi pajani, na alichotaka kusema ni nimekukuta chini, nilidhani umekufa, basi, ni kifupi, kingeingia hata kwenye kile kisanduku… na yangu je, siondoki ile, yangu nayo ilikuwa nyekundu, nilitaka kusema nipo, mwanangu, bado nipo, naweza… nitabaki kwangu, hilo silibadilishi, nitabonyeza na itakwenda, naijua, lakini siku mojamoja nitakwenda kulala kwenye kile chumba, na begi dogo, kwa miguu yangu, nikaone hayo mapazia… na ushindi niliokuwa nimeuandaa, yale maneno ya kumwambia umeona sasa, nayatafuta siyaoni, kioo bado cheupe, maandishi yapo, kidole changu kiko juu ya Jaribu tena, hakijagusa, Chiriku kakalia mikono, unasubiri nini, Mama, binti yangu anauliza, ni maneno yale yale, na safari hii sijayasoma kwa wekundu, nakusubiri wewe, nasema, sogea huku, miwani imeingia ukungu, nisomee tena pale pa baba yako.