Mtaa Usio na Povu

Mtaani kwetu naitwa Povu, na sikatai. Mimi ni wakala wa shampuu. Napita duka kwa duka, saluni kwa saluni, na begi la chupa za kijani begani, nasifu bidhaa mpaka koo linakauka. Tena nikiudhiwa sichelewi kubwatuka, kwa hiyo jina lilinikaa kama kofia. Na kofia nazihitaji, maana kichwani sina hata unywele mmoja wa kuombea maji.

Mke wangu anaiheshimu kazi yangu mwisho wa mwezi tu. Shampuu yenyewe ilipomletea mwasho aliitupa mkono, akaanza kuosha nywele kwa bamia. Ndiyo, bamia, zile zile za sufuriani. Anazikatakata, anazichemsha mpaka maji yanakuwa na ute wa kuvutika, anayachuja kwa kitambaa na kuyakamulia ndimu kidogo. Yakipoa anajipaka taratibu mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kisha anasuuza kwa maji ya uvuguvugu. Hakuna povu, hakuna harufu ya maua. Siku ya kwanza niliyakuta kwenye jokofu nikadhani ni juisi, nikajimiminia glasi nzima. Yaliyofuata sitaki kuyaeleza.

"Wewe mwanamke," nilimwambia, "unataka nifukuzwe kazi? Mke wa muuza shampuu anaosha nywele kwa mboga!"

"Kichwa ni changu, baba watoto."

"Basi kifiche hicho kioja chako. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu asiyeuliza," akasema.

Nikaridhika. Sikujua nimeridhika na nini.

Nywele zake, lazima niseme hata kama inaniuma, zilikuja kuwa za kutazamwa. Zilijaa, zikawa laini, zikashuka mpaka mabegani. Wanawake walimsimamisha njiani kuzishikashika, na mimi nikiwepo nilidakia upesi, "Ni shampuu yetu hiyo!" Yeye alitabasamu tu.

Mimi nilikuwa mwaminifu kwa kampuni. Kila asubuhi niliosha kichwa kwa chupa ya kijani, nikasugua mpaka povu linaingia masikioni. Nywele zilipoanza kuniaga nikasema ni urithi.

"Urithi wa nani?" mke wangu aliuliza. "Marehemu baba mkwe tulimzika na nywele zake zote."

Nikamwambia awaache wafu wapumzike.

Sasa, kiwandani kulikuwa na nafasi ya mkuu wa mawakala. Mkuu wa mawakala anakaa ofisini, kwenye kiti, chini ya feni, na wanaotembea juani na mabegi ni wengine. Niliitamani nafasi hiyo tangu magoti yangu yalipokuwa mazima. Kwa hiyo siku meneja alipotuita kikaoni, nilikaa mbele kabisa. Meneja wetu ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na kucheka kwake ni kwa nadra kama mvua ya kiangazi.

"Mtaa unaoongoza kwa mauzo tangu tutoe chupa mpya," alisema, "ni mtaa anaokaa Povu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaribia kulia.

"Jumamosi nakuja huko na mpiga picha," akaendelea. "Nataka mteja wa kweli, mama wa nyumbani, aoshe nywele mbele ya kamera. Picha ikitoka vizuri, ukuu wa mawakala ni wako. Ikitoka vibaya…" Hakumalizia. Hakuwa na haja.

Siku hiyo hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani. Mwenye duka alikuwa ameniambia kwamba hakuna anayenunua shampuu yetu kumshinda yeye. Nilimkuta uani ameinama, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko. Nikafurahi. Nikasogea. Chini ya povu hapakuwa na kichwa cha mtu. Palikuwa na mto wa kochi.

"Jirani, unafanya nini?"

"Si unaona, Povu? Nafua makochi." Aliinuka akijishika kiuno, uso umemchangamka. "Hii shampuu yenu, Mungu awabariki! Haiachi doa. Jana imetoa grisi ya cherehani, grisi ya mwaka jana!"

"Makochi," nikasema.

"Na mazulia. Na viti vya gari la shemeji."

"Na nywele je?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. "Nywele tunaosha kwa bamia. Kwani mkeo hakukwambia?"

Nilishika nguzo ya kamba ya kuanikia. "Tunaosha? Wewe na nani?"

"Mtaa mzima. Hata mke wa mwenye duka."

"Sasa chupa zote hizo mnanunua za nini, jamani?"

"Chupa ndiyo yenyewe!" Akaninyooshea moja, ile mpya, yenye mdomo mrefu mwembamba ambao sisi mawakala tuliusifu wiki nzima bila kujua unasaidia nini. "Mdomo huu unapita katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, unafika kwenye ngozi bila kufumua hata msuko mmoja. Ukitia bamia humu, raha tupu. Mliifikiria sana hii chupa. Ile ya ndani tukaona tusiimwage, ni dhambi. Ndiyo tukajaribu kwenye zulia."

Dirishani kwake zilipangwa chupa zetu, kijani mtindo mmoja, nyingine zimevishwa mpira wa manjano shingoni. Niliiona mipira ile. Ila nilikuwa nimepigwa na butwaa kiasi kwamba sikuuliza ni ya nini, na laiti ningeuliza.

Nilifika nyumbani natoa moshi.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nilifoka kabla sijavua viatu. "Ulisema hutamwambia mtu!"

"Nilisema simwambii asiyeuliza," mke wangu akajibu, anachambua bamia. "Waliniuliza."

"Nani aliuliza?"

"Wote."

Nikakaa. Hasira ilikuwapo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nilimweleza habari ya Jumamosi, ya kamera, ya kiti chini ya feni. Nikamsihi aoshe nywele kwa shampuu siku hiyo moja tu, mara moja tu, kwa ajili yangu.

"Hapana," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Nikiosha kwa shampuu nitawashwa, na nikicheka mbele ya kamera nitakuwa nimedanganya. Sebule nitakusafishia, chai nitamwandalia mgeni wako. Kichwa changu usikiombe."

Fundi cherehani ndiye aliyenionea huruma. Alisema atavumilia mwasho wa siku moja, ujirani ni kusaidiana. Nikamshukuru mpaka akaniomba ninyamaze.

Jumamosi meneja akafika na kijana wa kamera. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga zulia, akasimama. Akalitazama. Akalikanyaga tena.

"Zulia jipya hili?"

"La zamani, mama," mke wangu akasema. "Tuliolewa pamoja."

Wote wakaenda uani, ambako fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye kigoda, taulo begani, beseni mbele yake, uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Meneja akaomba chupa, iwe safi, ing'ae mbele ya kamera. Nikakimbia bafuni. Kwenye rafu palikuwa na chupa mbili zinazofanana kama mapacha. Nikachukua iliyojaa. Ilikuwa na mpira wa manjano shingoni, umechakaa, unaharibu sura ya bidhaa. Nikauvua, nikautia mfukoni. Nikaifuta chupa kwa shati langu mpaka ikang'aa, nikaipeleka kwa mikono miwili.

Kamera ikawaka. Fundi akafumba macho, akaelekeza mdomo wa chupa kichwani, akaminya.

Ulitoka ute. Ulitoka mrefu, wa kijani mpauko, ukaning'inia sikioni mwa fundi na kukataa kukatika. Fundi akafumbua jicho moja. Mke wangu akaitazama shingo ya chupa, kisha akanitazama mimi, na kwa macho yake nikaelewa mipira ya manjano ilikuwa ya nini.

"Povu liko wapi?" meneja akauliza.

"Niko hapa," nikajibu. Hakuwa ananiuliza mimi.

Alisogea, akagusa ute kwa kidole, akauvuta kati ya kidole na gumba. Uso wake ukabadilika. "Umeichakachua," alisema polepole. "Unamwaga bidhaa yetu, unajaza uchafu, unauza. Ndiyo maana mtaa wako unaongoza. Chupa ngapi umeziharibu? Zima kamera, kijana. Ngoja kwanza. Usizime. Huu ni ushahidi wa polisi."

Polisi! Nikaona kiti na feni vinaondoka, nikaona na begi langu linaondoka pia, na nyuma yake pingu zinakuja. Fundi alikuwa ameshika chupa. Ningeweza kusema ni yeye, ametia mwenyewe, mimi sijui lolote. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Nikamtazama jirani yangu, ute unamtiririka shingoni, kaja kunisaidia.

"Ni bamia, meneja," nikasema. "Bamia na ndimu. Chupa ni ya mke wangu, nimekosea kuichukua. Hapa mtaani hakuna anayeosha nywele kwa shampuu yetu. Hakuna hata mmoja."

Hata kijana wa kamera aliacha kutafuna.

"Lakini mnanunua," meneja akasema.

"Tunanunua sana," fundi akamwondolea wasiwasi.

"Mnaipeleka wapi?"

Wanawake wawili wakatazamana. Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa adabu zote. "Umeikanyaga, mama. Tena ukaisifu."

Meneja akageuka, akarudi sebuleni. Tulimwona kupitia mlangoni akipiga magoti, mtu mzima yule, akipitisha kiganja kwenye zulia, akilinusa. Akavaa viatu. Akaondoka, na chai ikabaki mezani.

Siku zilizofuata sikutoka ndani. Mke wangu hakunicheka, jambo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba kazi imekwenda na maji, nikaanza hata kuwaza nitauza nini kingine kwa umri huu. Ndipo nikaitwa ofisini.

Niliingia nimevua kofia, tayari kuomba msamaha. Meneja alikuwa anacheka. Sijawahi kushtuka hivyo: meno yote nje. Mezani pake palikuwa na chupa ya kijani, ile ile, yenye mdomo ule ule mrefu.

"Mkuu wa mawakala," akasema. "Kaa."

Nikakaa, kwenye kiti, chini ya feni. Akanisukumia chupa. Ilikuwa na karatasi mpya: DAWA YA MAZULIA, MAKOCHI NA VITI VYA GARI. Nikaifungua, nikanusa. Maua yale yale. Nikatia tone kwenye kiganja, nikasugua. Povu lile lile.

"Mmebadilisha nini humu ndani, meneja?"

"Ndani?" Alionekana kushangazwa na swali. "Ndani hakuna kilichobadilika. Tumebadilisha karatasi."

Nikasoma mpaka chini, kwenye herufi ndogo. *Vaa glavu. Isikae kwenye ngozi. Jaribu kwanza pembeni ya zulia, huenda ikang'oa manyoya.*

Meneja alinyoosha mkono kunipongeza. Nilitaka kuupokea, lakini mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kichwani, wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Ulikuwa unapapasa.

Nilifika nyumbani na chupa mkononi. Mke wangu alikuwa anachuja bamia jikoni.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Mbona umejishika kichwa?"

Nikampa chupa. Akasoma juu, akasoma katikati, akafika chini. Akaweka chupa mezani taratibu, akavuta kigoda kwa mguu.

"Vua kofia, baba watoto."

"Humo hamna kitu tena."

"Najua. Kaa."

Nikakaa, nikainamisha kichwa juu ya beseni. Vidole vyake vilipogusa ngozi nilisisimka, maana miaka yote hiyo alikuwa akiniomba anioshe kwa bamia na mimi namfokea.

"Najifua kama zulia, mke wangu," nikasema ndani ya beseni. "Kila asubuhi. Na zulia lina afadhali, lenyewe bado lina manyoya."

Nikamsikia anajizuia kucheka. Akashindwa, akaniminyia bamia kichwani.