Kwako, Kirusi cha Nyumbu

Vumbi la Kitengela halibishi hodi. Linapita chini ya mlango, linakaa juu ya meza, juu ya vitabu, juu ya koti langu jeupe la maabara, na likinikohoza haliombi radhi. Februari huinuka vumbi jingine, la mbali, upande wa mbuga: vumbi la kwato za nyumbu wanaokuja kuzaa. Hilo ndilo ninalolingoja kila mwaka, maana nyuma yake unakuja wewe.

Wewe, kirusi. Wewe usiyeonekana kwa jicho, mpangaji mtulivu ndani ya ndama wa nyumbu. Yeye hapati madhara yoyote kwako, anaruka, ananyonya, anakimbia. Lakini ng'ombe akila nyasi alipopita ndama huyo, unamwingia puani. Macho yanafunga ukungu mweupe, pua inatiririka, miguu inaisha nguvu. Nimekuchukia ujana wangu wote, na bado kila asubuhi nawahi kazini kukutazama.

Zamani wafugaji wa Kajiado walikukwepa. Nyumbu wakizaa, walihamisha ng'ombe, wakaziacha nyasi fupi tamu, wakaenda mbali wakangoja. Leo waende wapi? Huku ua, kule ua. Huku ploti, kule ploti, na Isinya yote ni mashamba ya maua. Ng'ombe wamebaki na wewe uwanja mmoja.

Mimi Mwongeli, binti wa fundi cherehani wa Kitengela, nikaapa kukufungia mlango. Nilikusoma jeni kwa jeni, nikajua unapojificha na unapouma. Nikaandika makala. Zikasomwa ng'ambo, zikanukuliwa na wataalamu wa nchi zisizo na nyumbu hata mmoja, nikaalikwa, nikapigiwa makofi. Nilifurahi, sikatai. Nilinunua hata viatu vipya.

Kisha nikaenda kwa Simel. Tulisoma shule moja ya msingi. Yeye akarudi kwa ng'ombe, mimi nikaenda kwa darubini. Chanjo yangu ya kwanza niliijaribu kwa ng'ombe wake, nawe ukaipita kana kwamba haipo. Walikufa wote niliowachanja. Nililia ndani ya gari, madirisha nimefunga.

Wenzangu wakasema: achana nayo, makala zinatosha, jina unalo. Jina! Jina halikamuliwi maziwa. Nami sikukuacha. Nilikurudisha maabara, nikakukuza ndani ya chembe hai, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukasahau kuua. Ufadhili ukakatika, sikukuacha. Stima ikapotea, jenereta ikagoma, nikakubeba ndani ya barafu hadi kwa jirani mwenye friji, na sikukuacha.

Februari hii nikarudi kwa Simel. Alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Daktari, sasa umekuja kumaliza gani? Niko na hawa tu. Hawa wakienda, mimi nauza shamba, naenda Ngong kuuza mitumba."

"Hii chanjo ni mpya, Simel. Lakini sitakudanganya, inaweza shindwa tena."

"Si ungesema tu itashika!"

"Siwezi."

Alinikazia macho mpaka nikaona aibu. Ndipo akasema, "Chukua watano. Wale wengine ni wa mama, na mama amesema usiwaguse."

Nikakudunga shingoni mwao, wewe uliyedhoofika, ili miili yao ikujue kabla hujaja na nguvu zako. Kinga ilipopata muda wa kukomaa, tukawaachia kwenye nyasi fupi, katikati ya nyumbu na ndama wao. Ng'ombe wa mama walibaki nyuma ya ua, wakila nyasi kavu za kununua, mbavu nje. Kila asubuhi nilikwenda kuwatazama wale watano machoni. Niliogopa, niliogopa sana, lakini nilikwenda.

Mmoja akafunga ukungu. Nilimwona mimi kwanza, nikamwita Simel, nikamwonyesha. Alikufa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Simel hakunisalimia wiki nzima.

Wanne wakaendelea kula. Ndama wa nyumbu wakakua, ukawatoka, msimu wako ukaisha, na wanne wale walikuwa bado wanakula, wamenona, macho meusi maangavu. Nikacheka peke yangu mbugani kama mwehu.

Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu, mama yake Simel akatoka nyumbani, akatembea polepole hadi kwenye ua wa ng'ombe wake.

"Daktari, na hawa wangu?"

"Mama, mmoja alikufa. Si wote watapona."

"Huyo niliona. Na hao wanne pia niliona."

Akafungua lango. Akamshika pembe ng'ombe wa kwanza, akanigeuzia shingo yake.