Ubavu wa Pasaka

Jumanne moja ya Machi, mwaka 1982, Athanase Katsuva alizunguka Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia, tangu asubuhi akiwa na sanduku la bati begani, akiwachoma nguruwe sindano. Alianzia nyumba za karibu na parokia, akashuka zizi kwa zizi. Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa za dawa, bomba moja la kioo na sindano tatu. Ya kwanza ilipinda kwenye shingo ya dume mmoja mkaidi. Ya pili ilivunjika. Aliendelea na ile iliyobaki mpaka saa tisa, akiifuta kwa pamba kila alipotoka zizi moja kwenda jingine.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Butembo, muuguzi wa wanyama katika ofisi ya mifugo. Ofisini aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Katsuva, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Mitaani alibaki Athanase. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na kwa sababu alikuwa akiuliza habari za mnyama kwa jina lake.

Homa ilikuwa imeonekana wiki iliyotangulia katika nyumba mbili za Nyakasanza, mtaa mwingine wa mji. Nguruwe walipata joto, masikio yakageuka rangi ya zambarau, damu ikatoka puani, na siku ya tano au ya sita wakafa. Athanase alimweleza mkuu wake, Gaspard, kwamba homa hiyo haina chanjo, si Bunia wala ng'ambo. Gaspard alijibu kwamba stoo mna katoni ya chanjo ya homa nyingine ya nguruwe, na homa zote ni ndugu.

"Batu banataka kuona siye tunatumika kazi," alisema. "Piga shindano tu."

Athanase akapiga.

Zizi la mwisho siku ile lilikuwa la Léontine, mjane aliyeshuka kutoka Kpandroma, kule milimani, baada ya kumzika mumewe. Alipika pombe ya mahindi, na machicha yake yalimlisha nguruwe jike mmoja aliyeitwa Pasaka, kwa vile alinunuliwa Jumamosi ya mkesha wa sikukuu hiyo. Léontine aliitazama sindano kabla haijaingia.

"Ulichemsha hii?"

"Niliichemsha asubuhi, mama."

"Asubuhi iko mbali," alisema Léontine. Lakini alimshika Pasaka miguu, maana mtu wa serikali alikuwa amekwishapiga magoti kwenye tope, na haikuwa adabu kumwinua hivi hivi. Athanase alimchoma nyuma ya sikio la kushoto.

Katika siku kumi na nne Mudzipela ilibaki na nguruwe mmoja tu. Walianza kufa wale wa karibu na parokia, wakafuata wa chini yao, na kifo kikateremka zizi kwa zizi kwa mpango ule ule ambao Athanase alikuwa ameteremka nao. Yeye mwenyewe alilitambua hilo mapema, siku alipoitwa kutazama mizoga mitatu ya kwanza. Alilitambua, akanawa mikono, akaenda kuwapa pole wenye mali.

Pasaka aliugua wa mwisho. Alilala ubavu, akakataa machicha, akatetemeka juani. Siku ya tano, ambayo wengine walikuwa wakifa, ubavu wake wa kushoto ulianza kupitisha mwanga. Asubuhi palikuwa na doa moja dogo kama kisahani nyuma ya mguu wa mbele. Kufika saa sita eneo lote kuanzia shingo mpaka paja lilikuwa wazi. Ngozi ilikuwepo na manyoya yalikuwepo, na ukigusa ulisikia joto na ukwaruzo wa kawaida, ila jicho lilipita moja kwa moja hadi ndani, kama linavyopita kwenye kioo cha taa kilichopanguswa vizuri. Léontine aliona hayo alipoleta maji. Aliweka ndoo chini, akaiondoa miti yenye ncha upande ule wa zizi ili Pasaka asijikwaruze, kisha akamwita jirani aende amwite Athanase.

"Njoo, uone," alimwambia alipofika. "Iko inaonekana ndani."

Athanase alichuchumaa. Alikuwa amesoma mambo hayo zamani kwenye karatasi, na mwalimu wake aliyachora ubaoni kwa chaki ya rangi mbili. Sasa aliyaona yakitendeka, akamweleza Léontine kwa sauti ile aliyotumia kueleza namna ya kukata kwato.

Alimwambia kwamba damu ina walinzi. Kuna walinzi wakubwa, wazito, ambao kazi yao ni kumeza kila mgeni bila kumuuliza jina. Homa nyingine humalizwa hapo hapo. Lakini kidudu cha homa hii hupenda kumezwa. Kikiwa tumboni mwa mlinzi hakifi. Hujenga nyumba, huzaa, na watoto wake wakiwa wengi mlinzi hupasuka, nao hutoka kutafuta walinzi wengine. Léontine alitazama. Ilikuwa hivyo. Wale wazito walikuja mmoja baada ya mwingine kwa utii, wakameza, wakavimba, wakapasuka.

"Kwa hiyo ulinzi ndiyo mulango," alisema.

"Kwa homa hii, ndiyo."

"Na joto?"

"Joto ni la mwili wenyewe. Unaiwasha nyumba yake moto ili mugeni asikae vizuri."

Kisha Athanase alimwonyesha wengine, wadogo, waliokuwa wakikusanyika kwenye tezi. Hao hawamezi ovyo. Hao hujifunza. Huchukua siku nyingi kulipima umbo la adui kila upande, na wakishalijua humtengenezea pingu za kipimo chake mwenyewe, zisizomfaa mwingine yeyote, na wengine wao huzitafuta nyumba alimojificha wakazibomoa. Taabu ni kwamba kujifunza kunataka siku, na homa hii haitoi siku. Nguruwe wengi hufa wakati wanafunzi wangali darasani.

"Ya Pasaka bamefika," alisema Léontine.

Walikuwa wamefika. Kwa siku tatu watu wa mtaa walikuja kuwatazama wakifanya kazi. Mwalimu Tharcisse aliwaleta wanafunzi wake wa darasa la sita wakachora kwenye madaftari, na mmoja aligombezwa kwa kuchora mkia usio na kunjo. Siku ya tisa Pasaka aliinuka akanywa maji. Siku ya kumi alikula. Ubavu ulibaki wazi, na Léontine akaanza kuupaka mafuta ya mawese wakati wa jua kali.

Lakini ndani kulibaki kitu kingine, na Léontine alikiona kwa sababu alikuwa na nafasi ya kutazama. Ilikuwa njia. Ilianza kama alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto, ikaenda kwenye tezi ya shingo, ambayo ilikuwa imeungua kama kaa, na kutoka hapo ikasambaa mwili mzima. Tezi za koo, ambazo hupokea kile kinachoingia kwa chakula na kwa pua, zilikuwa safi. Alimngoja Athanase mpaka alipokuja, akamwekea kiti.

"Niambie, Athanase. Homa iliingilia wapi?"

Athanase aligusa nyuma ya sikio la kushoto.

"Hapa," alisema.

"Hapa ni pa shindano."

"Ndiyo, mama. Ni pa shindano."

Léontine hakupiga kelele. Alimwambia tu jambo alilokuwa amelisikia sokoni: ofisi inasema homa ililetwa na nguruwe wa watu wa milimani, na inataka kuua wote walioko kwenye barabara ya Kpandroma. Kaka yake Hippolyte alikuwa huko na nguruwe ishirini na watatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchomwa sindano.

"Weye unajua kwenye homa ilitoka," alisema. "Useme kule. Mimi sitaki kitu ingine."

"Nitasema."

Alimaanisha. Njiani kuelekea ofisini alilipanga neno lake, akalirudia mara mbili kwa midomo. Gaspard mwenyewe alikuwa ameshakuja kumwona Pasaka, akiwa na wageni wawili kutoka Kisangani. Aliiona njia nyeusi na kuifuata kwa kidole, sentimita moja kutoka kwenye ngozi, hadi pale ilipoanzia. Kisha akasema kwamba huyo ni nguruwe mmoja tu, na ripoti ilikuwa imeshapigwa mashine.

Kikao kilikuwa cha watu sita. Ripoti ilisomwa. Ilisema homa ilishuka kutoka milimani na nguruwe wa biashara, kwamba ofisi iliwachanja nguruwe wa mji kwa bidii, na kwamba dawa iliyobaki ni kuua wale wa milimani na kuifunga barabara kwa nguruwe wote, wanaopanda na wanaoshuka. Mwishoni palikuwa na mstari wa sahihi ya muuguzi aliyethibitisha. Gaspard alimsogezea karatasi.

Athanase alifikiri kwamba akisema ni sindano, hakuna mtu Bunia atakayemletea mnyama tena, na ng'ombe watakufa kwa magonjwa yenye dawa. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Alifikiri pia kuhusu mke wake Kavira, namna angepita sokoni, na namna watu wangemtazama. Hiyo haikuwa sababu nzuri, lakini ndiyo iliyoushika mkono wake. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia uwanja. Alitia sahihi, akaomba ruhusa, akaenda kukaa nyuma ya stoo.

Siku mbili baadaye alipanda Kpandroma katika lori pamoja na askari wanne. Kulikuwa na baridi, na Hippolyte aliwakaribisha ndani, akawapa chai yenye tangawizi kabla hajauliza walichofuata. Alipoambiwa, aliweka kikombe chini.

"Muganga, ziangalie kwanza. Ukiona moja yenye homa, ua zote, sitasema neno."

Athanase aliwapima joto wote ishirini na watatu. Ilimchukua asubuhi nzima, na askari wakamngoja kwenye nyasi. Hakuna aliyekuwa na homa. Masikio yao yalikuwa meupe na baridi. Alirudi kwa Hippolyte akasimama mbele yake.

"Basi?" Hippolyte aliuliza.

"Hazina homa."

"Basi?"

"Amri imetoka Bunia."

"Na Bunia bamejuaje?"

Athanase aliwaita askari. Waliua mpaka saa kumi, wakachimba, wakafukia kwa chokaa. Hippolyte alisaidia kuchimba, kwa kuwa askari walikuwa wakichimba juujuu na mbwa wangefukua. Lori lilipowashwa alimpa Athanase kilo moja ya viazi ampelekee dada yake.

Athanase aliufikisha mzigo ule. Léontine aliupokea, akauweka jikoni, akarudi akisugua mikono kwenye kitenge.

"Ulisema?"

"Hapana, mama."

"Ulinyamaza?"

"Nilitia sahihi."

Léontine aliitika kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa njia asiyokusudia kuipita. Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba maji ya kunawa yako kwenye ndoo.

Mwaka uliofuata Pasaka alipandwa na dume aliyeletwa kutoka Marabo. Mimba ilionekana yote kupitia ubavu: vitoto kumi, wamepangana kama maharagwe kwenye ganda. Athanase alikuja kumzalisha. Alimweleza Léontine kwamba kitoto cha nguruwe huzaliwa mtupu, bila pingu hata moja katika damu yake, kwa sababu tumbo la mama haliruhusu zipite. Chote ambacho mama amejifunza hukipitisha katika maziwa ya siku ya kwanza, na asiyenyonya siku ile hatakipata tena. Ilikuwa hivyo. Waliona pingu zikishuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye chuchu, nyingi, ndogo, zote za kipimo kimoja. Athanase alikaa siku nzima akiwashika wale dhaifu wawili kwenye chuchu za mbele.

Vitoto walipoachishwa kunyonya, Léontine alitaka kumpelekea Hippolyte majike wawili aanze upya. Kwenye kizuizi cha barabara walimrudisha. Amri ya kufunga barabara ilikuwa bado ipo, na ingeondolewa tu kama muuguzi aliyethibitisha ripoti angeirekebisha kwa mkono wake. Athanase alikwenda ofisini. Karani alilitoa faili mara moja, halikuwa hata na vumbi, akamfungulia ukurasa na kumpa kalamu. Gaspard alikuwa amehamishiwa Kisangani na kupandishwa cheo. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Athanase aliisoma sahihi yake, akasema atarudi Jumatatu.

Alisema hivyo mwaka 1983. Mwaka 1986 barabara ilikuwa bado imefungwa kwa nguruwe, na Hippolyte alikuwa akilima kabichi. Wale majike wawili walizeekea Mudzipela.

Pasaka aliendelea kuishi, na ubavu wake haukuwahi kurudi kuwa kama wa nguruwe wengine. Wapita njia walimsalimu Léontine na kuendelea. Athanase alikuja karibu kila alasiri, hata siku ambazo hapakuwa na kazi. Alichuchumaa kando ya zizi akaweka kiganja chake juu ya ule ubavu, na wale wadogo waliojifunza walikuja kutoka kwenye tezi, kutoka kwenye mifupa, kutoka pande zote za mwili, wakajipanga chini ya ngozi pale pale alipogusa, kidole kwa kidole, wakasimama. Akihamisha mkono, nao walihama. Pasaka mwenyewe hakufungua hata jicho, ila joto lake lilipanda kidogo.

Jioni moja Léontine alikuwa akichambua mahindi mlangoni. Aliweka ungo chini.

"Toa mukono, Athanase," alisema kwa upole. "Unaichokesha."

Akautoa.