Ule Mkono wa Baba

Kwanza niseme wazi: sina subira na watu wanaoniambia kwamba mikanda ya zamani ni takataka. Mtu akinitamkia hivyo dukani kwangu, picha yake ya pasipoti naipiga akiwa amefumba jicho moja. Sitanii. Muulizeni jirani yangu muuza simu.

Duka langu ni studio ya picha. Mbele kuna kiti, ukuta mweupe na kioo cha watu kuwekea nywele sawa. Nyuma kuna chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo roho yangu ilimo: makopo ya filamu za mashindano ya magari, kanda za video, kaseti za matangazo ya redio, rafu juu ya rafu mpaka darini. Filamu ikizeeka hunuka siki, kwa hiyo nikirudi nyumbani mume wangu hana haja ya kuuliza nimeshinda wapi. Kazi yangu ni kuzisafisha, kuziunga palipokatika, kuzinakili, kisha kuziweka mtandaoni ili kila anayependa mlio wa injini azione bure. Siko peke yangu. Tuko kikundi kizima cha wendawazimu wa namna hii, wengi wao wazee waliokuwa mafundi, madereva na mashabiki. Kila Jumamosi alasiri wanajazana chumba cha mbele, tunashusha mapazia, tunatazama.

Kikundi kina sheria moja, na aliyeitunga ni baba yangu mzazi: hakuna kutangulia. Mkanda mpya ukiletwa, hakuna anayeutazama peke yake, hata mimi ninayeusafisha. Wote tunauona siku moja. Kutaja mshindi kabla ya hapo ni kosa kubwa, hata kama mbio zenyewe zilifanyika sijazaliwa, na hata kama mshindi mwenyewe amekaa kiti cha mbele anakunywa chai. Kuna mzee mmoja aliwahi kupayuka matokeo, wakamnunia mwezi mzima. Ndivyo walivyo, na mimi nawapenda hivyo hivyo. Kwa hiyo mkanda naupitisha kwenye kitambaa, naukagua kwa vidole pembeni kwenye matundu, picha siziangalii. Siku ya kuonyesha ndipo nanakili: projekta inaupiga ukutani, na kamera yangu imesimama pembeni inanasa kila kitu, picha pamoja na kelele zao.

Sasa nije kwa shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa dereva wa mashindano. Si wa kuegemea gari apigwe picha, hapana, dereva hasa. Baba ndiye alikuwa fundi wake. Lakini ukimtaja shangazi kwa wapenzi wa magari, hakuna atakayekusimulia alivyokuwa akikata kona. Watakuambia neno moja tu: Papara.

Jina hilo lilitoka redioni. Katika mbio kubwa kuliko zote alizowahi kukimbia, shangazi aliingia kubadilisha matairi. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: fundi akikaza nati ya mwisho, anasimama, anainua mkono, dereva anaondoka. Shangazi akaondoka. Kona ya kwanza tu, tairi la mbele likachomoka, likaenda zake majanini, na mbio zikaishia hapo. Mtangazaji, ambaye kutoka kibandani kwake alikuwa akiliona gari tu na fundi hamwoni, akapiga kelele: "Ameondoka kabla ya ishara! Papara ya nini, dada yangu? Papara ya nini?"

Kituo chenyewe cha redio kilishafuta matangazo yake yote ya enzi hizo, lakini shabiki mmoja alikuwa amerekodi kwenye kaseti akiwa kwao, na kaseti hiyo ninayo. Breki, fundi wa mabasi mstaafu na mchokozi namba moja wa kikundi chetu, alikirusha mtandaoni kipande hicho hicho cha "papara ya nini". Watu wasiojua hata klachi ni kitu gani wakavunjika mbavu. Nilimfokea Breki mpaka sauti ikanikauka. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Miaka yote shangazi amesema kitu kimoja: "Niliona mkono." Na miaka yote baba amejibu: "Sikuinua mkono." Wanapendana, wanakula meza moja, lakini jambo hilo likitajwa tu, chai inapoa vikombeni. Shangazi sasa amekula chumvi nyingi, goti moja limegoma. Siku moja akaniambia neno lililonichoma.

"Mwanangu, nikifa, watu watasema alikuwa mwanamke mwenye haraka. Mimi sikuwa na haraka. Niliona mkono."

Filamu ya mbio zile hatukuwa nayo.

Halafu akaja mjane wa daktari wa meno. Aliingia na kapu, juu vitunguu, chini makopo ya filamu.

"Marehemu alipenda kupiga filamu kuliko kung'oa meno," akasema, "na ni afadhali, maana kung'oa alikuwa hajui."

Nikacheka, nikalitoa kopo la kwanza. Juu yake daktari alikuwa ameandika zile mbio, mwaka ule, na chini yake neno "matairi". Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, alikuwa amekaa wapi siku hiyo?"

"Mbele ya pale wanapobadilishia matairi. Alikuwa anapenda mambo ya spana spana. Kwani nimekosea kuleta?"

Nilimkumbatia na vitunguu vyake vyote. Kisha nikampigia shangazi. Nikasikia anavuta pumzi. "Jumamosi nitavaa gauni langu la bluu," akasema, akakata simu.

Nikampigia na baba. Nilitegemea aruke kwa furaha. Huyu ni mtu aliyewahi kulia machozi kwa sababu panya walitafuna mkanda usiozidi kiganja. Unajua alisema nini?

"Filamu ya daktari wa meno? Hiyo itakuwa imeoza. Tupa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Jumatatu akaja dukani, eti amekuja kunisaidia kupunguza takataka. Jumatano akaja tena, eti nimpe lile kopo alinuse kidogo nyumbani.

"Ulinuse nyumbani? Baba, pua yako inachagua mahali pa kunusia?"

"Wewe mtoto una mdomo."

"Nimeurithi kwako. Na sheria ni yako pia. Hakuna kutangulia."

Akatazama rafu kana kwamba anahesabu makopo, akaondoka bila kuaga. Hapo nikajua kuna jambo.

Jumamosi chumba kikafurika, hata mjane wa daktari alikuja. Shangazi akaingia na gauni la bluu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine amemshika wifi yake, yaani mama yangu. Mama huwa haji. Anasema kelele za magari alizisikia za kutosha kitandani, baba akiota. Lakini wifi yake alimwambia njoo, naye akaja. Baba alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, anatokwa na jasho jembamba na feni inazunguka juu yake.

"Weka na kaseti," shangazi akaniamuru. "Nataka wamsikie yule bwana anavyosema, na macho yao yaone."

Nikawasha kamera, nikabonyeza kaseti, nikawasha projekta. Mkanda ulikuwa umesinyaa, ukawa unapita kwa kuchechemea, roho yangu iko mkononi. Rangi zimegeuka nyekundu, lakini picha safi. Mungu amlaze pema yule daktari, meno sijui, lakini kamera aliijua. Magari yakapita, gari la shangazi likapita mbele, watu wakashangilia, likazunguka, likaja likasimama kubadilisha matairi. Na pale ukutani akatokea baba, kijana, kichwa kimejaa nywele.

"Jamani! Zile nywele zilikwenda wapi?" akauliza mama, na chumba kizima kikacheka. Baba hakucheka.

Kijana yule akapiga jeki, akatoa tairi la mbele, akaweka jipya, akazungushia nati kwa vidole, akashusha jeki. Akasimama kuchukua spana ya kukazia. Hapo akageuka kutazama jukwaani, meno yote nje, na mkono ukapanda. Ukapanda wote, mpaka kwapa. Kamera ya daktari ikafuata macho yake. Jukwaani palikuwa na msichana wa kitambaa cha njano, anampungia kwa mikono miwili. Kamera ikarudi kwa baba, mkono bado uko juu, na gari likaondoka. Kijana akabaki na spana, akaitazama, akalitazama gari, kisha akaanza kulikimbiza kama mtu aliyeachwa na basi.

"Papara ya nini, dada yangu?" kaseti ikapiga kelele. "Papara ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Breki aliinamisha kichwa. Projekta ya aina ile huwezi kuisimamisha katikati, taa itaunguza mkanda, kwa hiyo tukautazama mpaka ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga tu. Nikawasha taa.

Nilimtazama shangazi. Nilitegemea ainuke, apige vigelegele, amnyooshee baba fimbo. Ilikuwa haki yake, na mimi nilikuwa tayari kupiga vigelegele pamoja naye. Badala yake alimtazama mdogo wake kule nyuma, halafu akamtazama mama, ambaye macho yake bado yalikuwa ukutani pale alipokuwa yule msichana.

"Yule wa njano alikuwa shoga yangu," shangazi akasema kwa sauti kubwa. "Alikuwa ananipungia mimi. Na huyu alikuwa anajinyoosha tu mgongo. Dereva mwenye akili angengoja. Basi, yameisha. Nilikuwa na papara."

Bi mkubwa huyu alikuwa ameisubiri siku hii karibu maisha yake yote, na sasa anaitupa kama ganda la ndizi ili mdogo wake asiaibike mbele ya mkewe. Nilitaka kupiga kelele. Na kamera yangu, nakumbuka, ilikuwa bado inanasa.

Baba akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Dada, usinisemee. Ngoja niseme mwenyewe. Niliinua mkono. Niliinua, na nati zilikuwa hazijakazwa. Yule alikuwa mchumba wangu kabla sijamposa mama watoto. Tulikuwa tumeshaachana, wallahi, ilikuwa salamu tu. Lakini harusi yangu ilikuwa mwezi unaofuata. Ningekiri mkono, ningeulizwa nilikuwa nampungia nani. Nikaogopa. Nikasema sikuinua. Halafu kila mwaka ulivyopita ikawa vigumu zaidi kusema. Nimekuacha ubebe lile jina, dada yangu. Naona aibu."

Chumba kizima kikageuka kwa mama. Mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, wala hakuwa na haraka.

"Yule namjua," akasema.

"Unamjua?" Baba alitoa macho.

"Alikuja kwetu kabla ya harusi, akanieleza mwenyewe yote, tukanywa chai, tukakucheka. Mapazia yetu ya kwanza nani alishona? Si yeye?" Kisha sauti ikapanda. "Kwa hiyo wifi yangu amechekwa na dunia nzima kwa sababu wewe uliogopa mshona mapazia?"

Weee! Chumba kililipuka. Mjane wa daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Baba alitembea mpaka mbele, taratibu, akapiga magoti mbele ya dada yake, mzee mzima, magoti yakalia ko.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," shangazi akasema. "Lakini ngoja kwanza." Akamtandika kwa mkoba begani, paa, halafu mara ya pili, kisha akamvutia kifuani kwake wakalia wote wawili, na mimi nyuma ya kamera nikalia nao, sioni hata kama picha iko sawa.

Alipotulia akajifuta macho kwa gauni la bluu.

"Mwanangu, mkanda huo unaweza kuvumilia mara moja tena?"

"Kwa ajili yako utavumilia, shangazi. Nikuonyeshe mkono?"

"Mkono nimeuona, umetosha. Nionyeshe kule mwanzo. Na hiyo kaseti izime."

Nikaurudisha nyuma. Taa zikazimwa, na safari hii hapakuwa na mtangazaji, ni mlio wa projekta peke yake. Gari la shangazi likatokea mbali, likaja, likaingia kona ya chini ya jukwaa bila kusita hata kidogo, nyuma limeteleza kwa nje, vumbi limepanda, na likatoka limenyooka. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Ndipo gari la pili likatokea. Wote tulikuwa tumeitazama picha ile ile muda mfupi uliopita tukingojea mkono, na hakuna aliyeona kitu.

"Kumbe niliwaacha mbali hivyo," shangazi akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau."

Breki aliinuka, akavua kofia, akachukua kiti chake na kwenda kukiweka karibu kabisa na cha shangazi. Miaka yote aliyomfahamu alikuwa hajamuuliza kitu zaidi ya lile tairi.

"Mama," akasema, "samahani. Ile kona uliingia na gia ya ngapi?"

"Ya tatu," shangazi akajibu. Akaiweka fimbo chini, akanyoosha mikono yote miwili kana kwamba ameshika usukani, na akaanza kumweleza.