Saa Moja ya Kimya cha Kinyozi

Mjomba wangu ni kinyozi, na ulimi wake haujui likizo. Wateja wanamwita Redio. Basi huyo ndiye niliyetakiwa kumnyamazisha saa nzima.

Miezi mitatu nyuma, mkono wake wa kulia ulilegea ghafla akiwa kazini, mkasi ukaanguka. Baada ya dakika kumi mkono ukarudi. Kumbe mshipa wa damu wa shingoni una utando wa mafuta. Daktari akampa dawa, ila akataka kujua jambo moja: utando ule umetulia, au bado unafukuta ndani kwa ndani? Ukifukuta, shingo inapasuliwa. Mjomba amepitisha wembe kwenye shingo za watu miaka arobaini, na alikuwa anaogopa. Hata mimi.

Hospitalini kwetu, kazi yangu ni kupiga picha za kuonyesha hilo. Tunamchoma mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo, anasubiri saa nzima isambae mwilini; panapofukuta hula sukari nyingi, na pichani panang'aa. Tatizo, msuli unaofanya kazi nao hula. Wiki iliyopita nilimwacha peke yake asubiri, akapiga soga na mfagiaji mpaka basi. Picha ikatoka koo lote linawaka, mshipa hauonekani. Nilimpa vidonge vyake, na sizungumzii dawa.

"Ulisema nisile," akajitetea. "Hukusema nisiseme."

Safari hii nilimlinda mwenyewe, nyuma ya kioo. Kila akifungua mdomo, nagonga. Mwishowe akajifunika shuka mpaka kidevuni, amenuna. Nilimwonea huruma, lakini sikumwachia.

Picha ilipotoka, mimi na daktari tuliinama pamoja. Shingoni hapakuwa na mng'ao wowote. Utando umetulia, hakuna kupasuliwa. Nililia, wala sioni haya kusema.

"Na hii je?" daktari akauliza. Mkono wa kulia uling'aa kuanzia kiwiko hadi kidole gumba.

Nikaenda kumpa mjomba habari njema, kisha nikamuuliza alikuwa anafanya nini chini ya shuka. Akacheka kwa aibu.

"Si uliniziba mdomo? Nikaona bora ninyoe. Hewa tupu, lakini nimenyoa."

"Saa nzima?"

Akaunyanyua ule mkono, akachezesha vidole akivitazama.

"Vichwa vinane, mwanangu. Na mkasi haukuanguka hata mara moja."